Mvuke wa mafuta ya bangi

Mvuke wa mafuta ya bangi ni ukungu wa vitone vidogo sana vya mafuta yaliyotolewa kwenye mmea wa bangi, ambao mtumiaji huuvuta mapafuni kwa kifaa kinachoyapasha mafuta hayo moto bila kuyaunguza. Njia hii ilienea hasa Marekani na Kanada katika miaka ya 2010, sambamba na sigara za kielektroniki za nikotini. Watu wengi waliihamia wakiiona nafuu kuliko kuvuta moshi.

Mwaka 2019 Marekani ilikumbwa na mlipuko wa ugonjwa mkali wa mapafu, uliohusishwa zaidi na mafuta ya bangi yaliyochanganywa na asetati ya vitamini E. Hadi tarehe 18 Februari 2020 walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 2,807 waliolazwa hospitalini au kufariki. Vifo vilivyothibitishwa vilikuwa 68. Sehemu kubwa ya ushauri wa usalama unaotolewa leo kuhusu mafuta haya inatokana na tukio hilo.

Mafuta na kifaa

Kemikali kuu ya bangi inayolewesha huitwa THC. Haiyeyuki katika maji, bali huyeyuka katika mafuta na spiriti. Ili kuitoa kwenye mmea, watengenezaji hutumia spiriti, gesi ya butani au gesi ya kaboni dioksaidi iliyoshindiliwa. Kiyeyushi kikishaondolewa hubaki mafuta ya rangi ya dhahabu au kahawia, mazito kama asali. Maua ya bangi yanayouzwa katika maduka yenye leseni huko Marekani mara nyingi huwa na THC asilimia 15 hadi 25, ilhali mafuta yake yanaweza kufikia asilimia 70, 80 au zaidi.

Kifaa kina sehemu mbili. Ya kwanza ni betri. Ya pili ni katriji, yaani kichupa kidogo chenye nusu gramu au gramu moja ya mafuta, utambi wa pamba au wa kauri, na waya unaopata moto mtumiaji anapovuta.

Neno "mvuke" linapotosha kidogo. Kinachotoka kwenye katriji si gesi tupu kama inavyodhaniwa. Ni vitone vya mafuta vinavyoelea hewani, vidogo kiasi cha kufika mwisho kabisa wa mapafu na kubaki huko. Kwa hiyo chochote kilichomo katika mafuta, kiwe kinafaa au hakifai, hufikishwa moja kwa moja mahali ambapo damu hupokea oksijeni.

Vimiminika vya nikotini ni tofauti. Vyenyewe hutengenezwa kwa propilini glaikoli na glisirini, ambavyo huchangamana na maji. Mafuta ya bangi hayachangamani navyo vizuri, hivyo anayetaka kuyazimua ili yawe mengi hutafuta kitu kingine chenye asili ya mafuta. Tatizo la mwaka 2019 lilianzia hapo.

Mlipuko wa mwaka 2019

Mnamo Julai 2019 madaktari wa hospitali ya watoto mjini Milwaukee, jimbo la Wisconsin, waliripoti vijana wanane walioletwa wakiwa na shida kubwa ya kupumua. Hawakuwa na maambukizi yaliyoweza kueleza hali hiyo. Kilichowaunganisha ni kwamba wote walikuwa wakivuta mvuke. Jimbo jirani la Illinois nalo lilipata wagonjwa wa aina hiyo, na tarehe 23 Agosti likatangaza kifo cha kwanza. CDC, taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia udhibiti wa magonjwa, ilianza uchunguzi wa nchi nzima. Wagonjwa waliofika hospitalini walikuwa wengi zaidi mwezi Septemba. Oktoba ugonjwa ukapewa jina la EVALI, kifupisho cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya jeraha la mapafu linalohusiana na sigara za kielektroniki au bidhaa za mvuke.

Wagonjwa walipatikana katika majimbo yote 50. Theluthi mbili walikuwa wanaume. Nusu yao walikuwa na umri wa miaka 24 au chini ya hapo, na asilimia 15 walikuwa hawajafikisha miaka 18. Kati ya wale ambao taarifa zao za matumizi zilipatikana, asilimia 82 walisema wametumia bidhaa zenye THC. Asilimia 14 walisema wametumia nikotini peke yake, ingawa takwimu hiyo inategemea maelezo ya wagonjwa wenyewe, na baadhi yao walikuwa na sababu za kutosha za kutosema kila kitu.

Chanzo hakikujulikana mara moja. Walishukiwa viungo vya ladha, metali za kifaa, mabaki ya dawa za kuulia wadudu, hata nikotini yenyewe. Tarehe 24 Septemba gavana wa Massachusetts, Charlie Baker, alitangaza hali ya dharura na kusimamisha uuzaji wa bidhaa zote za mvuke, za nikotini na za bangi. Kwa kiasi cha habari zilizokuwepo wakati ule hatua hiyo inaeleweka, lakini ilisimamisha mauzo hata katika maduka yenye leseni wakati wagonjwa wengi walikuwa wamenunua kwingine. Baadaye CDC iligundua kwamba asilimia 78 ya wagonjwa wa THC walioeleza walikopata bidhaa zao walizipata kwa marafiki, ndugu, wauzaji wa mitaani au mtandaoni tu, si dukani.

Fununu ya kwanza ya kweli ilitoka jimbo la New York. Tarehe 5 Septemba idara ya afya ya jimbo hilo ilitangaza kwamba maabara yake imekuta kiasi kikubwa cha asetati ya vitamini E katika takriban sampuli zote za bangi zilizoletwa na wagonjwa. Hata hivyo, kuikuta kwenye katriji hakukutosha. Ilibidi ikutwe ndani ya mapafu. Madaktari walikuwa wakiosha sehemu ya pafu la mgonjwa kwa maji ya chumvi na kuyavuta tena kwa ajili ya vipimo. Tarehe 8 Novemba CDC ilitangaza kwamba maji hayo kutoka kwa wagonjwa 29 wa majimbo 10 yamepimwa, na yote yalikuwa na asetati ya vitamini E. Uchunguzi ulipopanuliwa hadi wagonjwa 51 wa majimbo 16, ilikutwa kwa 48. Kwa watu 99 wenye afya waliopimwa kwa kulinganisha, haikukutwa hata kwa mmoja.

CDC haikusema kwamba hiyo ndiyo sababu pekee; ilisema tu kwamba ushahidi wa kemikali nyingine hautoshi kuziondoa katika orodha.

Kiputo

Jambo linaloshangaza wasomaji wengi ni kwa nini mtu aweke vitamini E kwenye mafuta ya bangi. Jibu liko katika njia ambayo wanunuzi walikuwa wakijikinga nayo.

Mafuta safi ni mazito. Mnunuzi wa mtaani aliipindua katriji juu chini na kuangalia kiputo cha hewa kilichomo ndani. Kikipanda polepole, mafuta ni mazito, kwa hiyo ni safi. Kikipanda haraka, yamezimuliwa. Kipimo hiki kilikuwa na mantiki yake muda wote ambapo vizimuzi vilivyotumika vilikuwa vyepesi.

Asetati ya vitamini E ni mafuta mazito yenye rangi ya dhahabu, hayana harufu kali, na ni nafuu mno ukilinganisha na mafuta ya bangi. Ikichanganywa na THC, rangi haibadiliki sana na kiputo huendelea kupanda polepole. Katika miezi ya kabla ya mlipuko, vizimuzi vizito vya aina hii vilikuwa vikitangazwa kwa watengenezaji wa katriji. Katika baadhi ya sampuli zilizopimwa baadaye, kizimuzi kilikuwa nusu ya ujazo au zaidi. Mnunuzi aliyekuwa mwangalifu, aliyepindua katriji na kungoja, alipata jibu kwamba bidhaa ni nzuri. Kipimo chake ndicho kilichokuwa kimelengwa.

Lebo nazo hazikusaidia. Kati ya wagonjwa wa Illinois na Wisconsin waliohojiwa na kukiri kutumia THC, theluthi mbili walitaja jina la Dank Vapes. Hakuna kampuni iliyojulikana nyuma ya jina hilo: maboksi na katriji tupu zenye nembo yake ziliuzwa mtandaoni, na yeyote aliyetaka aliweza kuzinunua na kuzijaza alichotaka. Watu wawili walioshika maboksi yanayofanana wangeweza kuwa na vitu viwili tofauti kabisa.

Ugonjwa haukusambaa sawasawa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulilinganisha majimbo kulingana na sheria zao. Katika majimbo yaliyoruhusu bangi kuuzwa madukani kwa watu wazima, wagonjwa walikuwa chini ya 2 kwa kila watu milioni moja. Katika majimbo yaliyoikataza, na hata katika yale yaliyoiruhusu kwa matibabu tu, walikuwa zaidi ya 8. Tofauti hiyo haithibitishi kwamba mafuta ya dukani hayana madhara. Inaonyesha kwamba penye duka linalopimwa, watu wengi hawakwenda kwa muuzaji wa katriji za kujazwa nyumbani.

Tumbo na mapafu

Vitamini E ni lishe. Imo katika alizeti, karanga na mafuta ya mawese, na asetati yake hutiwa katika vidonge na mafuta ya kupaka ngozi bila madhara. Waliofanya biashara ya kuichanganya walikuwa na neno la kujitetea: inaliwa. Lakini tumbo lina asidi, vimeng'enya na ini la kuchuja kinachopita. Pafu halina kinga ya namna hiyo.

Ndani ya mapafu mna vifuko vya hewa mamilioni kwa mamilioni, na kila kimoja kimepakwa ndani utando mwembamba sana wa mafuta na protini. Utando huo ndio unaokizuia kifuko kisinywee na kujigandamiza mtu anapotoa pumzi. Wachunguzi wa CDC walieleza kwamba asetati ya vitamini E ikiingia katika utando huo inaweza kuulegeza ukashindwa kazi yake. Maelezo ya pili yanahusu moto: kemikali hii ikipashwa sana inaweza kuvunjika na kutoa keteni, gesi yenye sumu kali inayochoma njia za hewa. Inawezekana yote mawili yalitokea. Panya waliovutishwa ukungu wa asetati ya vitamini E walipata majeraha ya mapafu yanayofanana na ya wagonjwa.

Mwanzoni madaktari walidhani mafuta yamejaa tu mapafuni, kama inavyotokea kwa mtu aliyepaliwa na mafuta ya kunywa. Wataalamu wa Mayo Clinic walipochunguza vipande vya mapafu ya wagonjwa 17 hawakuona picha hiyo. Walichoona kilifanana zaidi na majeraha ya mtu aliyevuta hewa yenye kemikali za sumu.

Halikuwa fundisho jipya. Mwaka 2000 katika kiwanda cha bisi za mikrowevu mjini Jasper, jimbo la Missouri, iligunduliwa kwamba wafanyakazi wanane wa zamani walikuwa na ugonjwa wa njia ndogo za hewa usiotibika. Walikuwa wamevuta mvuke wa diasetili, kiungo chenye ladha ya siagi, ambacho watu wamekila miaka mingi bila shida. Kibali cha kutia kitu katika chakula kinahusu kukila. Viungo vingi vya ladha vinavyotiwa katika bidhaa za mvuke vina kibali cha namna hiyo tu.

Dalili na matibabu

EVALI huanza kwa siku chache, wakati mwingine kwa wiki kadhaa. Mgonjwa hukohoa, hukosa pumzi na huhisi maumivu ya kifua. Wengi pia hupata kichefuchefu, kutapika, maumivu ya tumbo au kuhara, na baadhi yao walikwenda hospitali kwa ajili ya tumbo kabla kifua hakijawasumbua. Homa, baridi na kupungua uzito ni kawaida. Picha ya eksirei au ya CT huonyesha ukungu mweupe katika mapafu yote mawili.

Hakuna kipimo kimoja kinachotoa jibu. Daktari huitambua EVALI kwa kuondoa magonjwa mengine: mgonjwa awe amevuta mvuke katika siku 90 zilizopita, picha ionyeshe madoa, na vipimo vya maambukizi visionyeshe sababu. Mwaka 2020 UVIKO-19 ulipoingia, kazi hiyo ikawa ngumu zaidi, kwa kuwa dalili na picha za magonjwa haya mawili hukaribiana sana.

Matibabu ni oksijeni, dawa za steroidi kwa wagonjwa wengi, na mashine ya kupumulia kwa waliozidiwa. Mwezi Oktoba 2019 hospitali ya Henry Ford mjini Detroit ilimbadilishia kijana wa miaka 17 mapafu yote mawili. Wapo pia walioruhusiwa kwenda nyumbani kisha wakarudi wakiwa wamezidiwa, au wakafa. Kwa sababu hiyo CDC ilishauri aliyeruhusiwa aonwe tena na daktari ndani ya saa 48.

Kila kitu hapo kinategemea mgonjwa kusema alivuta nini. Kijana aliyezungukwa na wazazi wake kitandani hasemi. Ushauri uliotolewa kwa madaktari ni kuuliza faraghani, kwa upole, bila kuhukumu, na kuuliza jina la bidhaa na ilikotoka. Mgonjwa anayeficha hutibiwa nimonia ambayo hana, na akirudi nyumbani huikuta katriji ileile.

Joto

Hata mafuta yasiyochanganywa na kitu hubadilika yakipashwa kupita kiasi. Ncha ya sigara inayowaka hufikia nyuzi 900 hivi za Selsiasi wakati wa kuvuta, na hapo hutokea lami, kaboni monoksaidi na mamia ya kemikali nyingine. Faida ya kupasha bila kuchoma ni kubaki mbali na joto hilo. Mwaka 2007 Donald Abrams na wenzake mjini San Francisco waliwapa watu 18 bangi kwa njia mbili, kwa moshi na kwa kifaa cha kupasha majani. THC iliyoingia katika damu ilikaribiana, lakini kaboni monoksaidi ilikuwa ndogo sana kwa waliotumia kifaa.

Matokeo hayo yanahusu majani yaliyopashwa kwa joto linalodhibitiwa, si mafuta ya katriji. Makosa mengi hutokana na kuichukua sifa ya njia moja na kuipa nyingine.

Katika mafuta, kemikali za harufu ziitwazo terpini ndizo huharibika mapema. Watafiti wa chuo kikuu cha Portland State walionyesha mwaka 2017 kwamba terpini zikidondoshwa juu ya bati au kauri iliyopashwa sana, kama wanavyofanya wavutaji wa mafuta mazito, hutoa benzini, ambayo husababisha saratani, na methakroleini, ambayo huwasha na kuumiza njia za hewa. Kiasi hupanda kadiri joto linavyopanda. Katika katriji, hatari kama hiyo huja mafuta yanapokaribia kuisha au betri inapowekwa nguvu kubwa: utambi hukauka, waya huwaka bila kitu cha kupasha, na mvutaji huhisi ladha ya kuungua kooni. Ladha hiyo ni dalili ya kuacha hapohapo.

Metali ni suala jingine. Waya, lehemu na mdomo wa katriji ya bei rahisi vinaweza kuachia risasi na nikeli katika mafuta, hasa yakikaa muda mrefu kabla ya kutumika. California ilianza kudai kipimo cha metali nzito kwa bidhaa za bangi mwishoni mwa mwaka 2018. Dawa ya kuvu iitwayo maiklobutanili nayo ina hatari yake: kwenye zabibu inaruhusiwa, lakini ikipashwa sana hutoa sianidi hidrojeni. Mafuta yanapokamuliwa, mabaki ya dawa za shambani hukusanyika pamoja na THC.

Njia za kupunguza madhara

Asiyevuta kitu hana hatari hii, na mamlaka za afya huanza na neno hilo. Zinasema bila kuzungusha kwamba vijana, wajawazito na wanaonyonyesha wasitumie kabisa. Watu wenye ugonjwa wa moyo, pumu, au historia ya maradhi ya akili katika familia wako katika hatari kubwa kuliko wengine. Yanayofuata yanahusu watu wazima wanaotumia licha ya hayo, wengine kwa ushauri wa daktari mahali sheria inaporuhusu.

La kwanza kwa uzito ni chanzo. Katriji isiyo na cheti cha maabara haiwezi kupimwa kwa macho, kwa pua wala kwa kiputo. Cheti chenye maana hutaja namba ya toleo la bidhaa hiyohiyo, kiasi cha THC, mabaki ya viyeyushi, dawa za wadudu, metali nzito na vizimuzi. Kuanzia Januari 2020 jimbo la Colorado lilikataza asetati ya vitamini E, mafuta ya MCT yanayotokana na nazi, na polithini glaikoli katika bidhaa za bangi za kuvutwa. Mafuta ya nazi yamo katika orodha hiyo kwa sababu ileile: ni chakula, si hewa.

La pili ni kutoongeza kitu. Mafuta ya kupikia, asali, manukato, vidonge vilivyopasuliwa na mafuta ya bangi yaliyotengenezwa kwa kudondoshwa chini ya ulimi hayafai kuingia katika kifaa cha mvuke. Kukamua mafuta nyumbani kwa gesi ya butani ni hatari ya aina nyingine kabisa. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni, na cheche ya friji inatosha kulipua nyumba. Hospitali za majeraha ya moto nchini Marekani zimepokea wagonjwa wengi wa ajali hizo.

Nguvu ya betri iwe ya chini, na mvuto uwe mfupi. Kubana pumzi hakuongezi ulevi kwa kiasi cha maana, kwa kuwa THC hupita katika damu ndani ya sekunde chache. Kunaongeza tu muda wa vitone kutua mapafuni. Katriji isiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani, na betri ichajiwe kwa chaja yake, si usiku kucha kitandani.

Kipimo kinahitaji uangalifu kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2018 watafiti wa Johns Hopkins waliwapa watu 17 wasiotumia mara kwa mara miligramu 25 za THC, kwa moshi na kwa mvuke wa majani, siku tofauti. Kiasi kilikuwa kilekile, lakini mvuke uliwalevya zaidi. Wawili walitapika na mmoja aliona mauzauza. Mafuta yana nguvu mara kadhaa kuliko majani. Anayeanza hushauriwa avute mara moja, kidogo, kisha angoje nusu saa kabla ya kuamua kuongeza, na asiendeshe chombo cha moto siku hiyo. Anayetapika mfululizo, anayehisi kifua kubana au anayekosa pumzi apelekwe hospitali, na katriji ipelekwe pamoja naye ili ipimwe.

Mahali fulani hata jina la bidhaa si la kuaminika. Mwaka 2024 Chuo Kikuu cha Bath nchini Uingereza kilitoa matokeo ya vifaa vya mvuke vilivyonyang'anywa wanafunzi katika shule 38 za sekondari. Kimoja katika kila sita kilikuwa na dawa za maabara zinazoiga bangi, zijulikanazo kwa jina la spaisi, ambazo zinaweza kusababisha degedege na kuzirai. Wengi wa wanafunzi hao walidhani wamenunua THC au nikotini.

Afrika Mashariki

Nchini Tanzania na Kenya kulima, kuuza na kutumia bangi ni kosa la jinai, chini ya sheria ya mwaka 2015 kwa Tanzania na ya mwaka 1994 kwa Kenya. Uganda ilikataza pia sigara za kielektroniki zenyewe katika sheria yake ya udhibiti wa tumbaku ya mwaka 2015. Rwanda iliruhusu mwaka 2021 kilimo cha bangi kwa ajili ya dawa za kuuzwa nje, huku matumizi ya ndani ya kujifurahisha yakibaki marufuku.

Kwa sababu hiyo ushauri wa kwanza hapo juu, ule wa kununua bidhaa iliyopimwa, hauna pa kushika katika nchi hizi. Katriji yoyote ya mafuta ya bangi inayouzwa Nairobi au Dar es Salaam imetoka katika soko la aina ileile lililosambaza asetati ya vitamini E mwaka 2019: halina cheti wala anayewajibika kwa kilichomo. Mtumiaji anayeugua ana hofu ya polisi juu ya hofu ya wazazi. Kwa daktari anayempokea kijana mwenye kikohozi, homa na ukungu katika mapafu yote mawili, ambaye vipimo vya kifua kikuu, UVIKO-19 na nimonia havionyeshi kitu, swali la kuuliza mkiwa wawili tu ni kama amevuta mvuke wowote katika miezi mitatu iliyopita.